Busia hadi Cheptais kwa Gia Mbili na Gia Tatu

Wenzangu wa baiskeli za Jumapili, tangu nirudi mmeniuliza maswali mawili. La kwanza ni lile la siku zote: mtu akitafuta baiskeli ya mbio, achukue yenye gia mbili za mbele au tatu? La pili mmeliuliza kwa adabu zaidi, mkiwa mmesimama mlangoni mwa duka langu na kujifanya mnaangalia sare za shule: kwa nini mimi na mzee wangu tuliondoka wawili nikarudi peke yangu? Majibu yote mawili yako kwenye safari moja, kwa hiyo nitaieleza kama ilivyokuwa.

Kwa wale walioingia kundini juzi, mzee wangu anaitwa Emuria. Zamani, kabla pikipiki hazijajaa mjini, alikuwa akivusha abiria kwa baiskeli kati ya geti la Kenya na geti la Uganda, na kazi hiyo ndiyo iliyotujengea nyumba. Tuna watoto wawili. Ekisa yuko Nakuru. Atyang, binti yetu, aliacha masomo ya uuguzi akiwa amebakiza kidogo tu, akaolewa na Ndiema, mkulima wa viazi huko juu ya Cheptais, kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Baba yake alipata habari hizo kwa majirani. Akasema mbele ya ndugu zake kwamba hatapanda gari lolote la kumpeleka kwa mtu huyo, na Emuria akishasema neno halirudi. Mimi nilikwenda mara mbili. Niliporudi hakuniuliza nilikuwa wapi.

Mwaka huu Atyang alijifungua mtoto wa kike. Nilikaa na habari hiyo siku kadhaa, kisha jioni moja tukila nikamwambia kwamba, kwa ninavyojua mimi, baiskeli si gari. Aliendelea kutafuna. Alipomaliza akanawa mikono, akauliza, "Huko mlima ni kiasi gani?"

Busia hadi Alupe

Tuliondoka baada ya chai, barabara ya Malaba ikiwa bado na wanafunzi. Baiskeli zetu mnazijua. Zote ni za mbio, zote za mitumba, na zote zilipita mikononi mwa fundi mmoja. Tofauti iko mbele, pale kwenye pedeli. Yangu ina gia tatu: kubwa ya tambarare, ya kati ya kila siku, na ya tatu ndogo kama kisahani cha kikombe cha chai. Yake ina mbili tu. Fundi alikuwa amemshauri abadilishe kabla ya safari, na Emuria akamwuliza hiyo ya tatu ni ya nini.

"Ni ya mlima, mzee."

"Mlima hupandwa kwa miguu," Emuria akasema. "Hiyo ya tatu ni ya mtu aliyechoka kabla hajatoka nyumbani."

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, nimeshika baiskeli yangu.

Msije mkasema naficha: kipande hiki cha barabara kilikuwa chake. Kutoka mjini hadi Alupe njia inapanda na kushuka kidogo kidogo, na baiskeli ya gia mbili ni nyepesi na haina mambo mengi. Anayeiendesha anabadilisha mara moja, anaendelea na maisha yake. Nilimwona mbele yangu mgongo umelala, kisha sikumwona tena. Nilipofika karibu na lango la hospitali alikuwa ameshanunua ndizi na kuzimenya.

Mama aliyekuwa akiziuza alitazama kofia zetu ngumu na suruali zetu za kubana, akauliza tunatoka kanisa gani.

"Si kanisa, mama," nikamwambia. "Tunaenda kumwona binti yetu."

"Na mnavaa hivyo kwenda kwa binti?"

"Huyu ndiye anaenda kwa binti," Emuria akasema, akinionyesha kwa ndizi. "Mimi namsindikiza tu."

Nilikula ndizi yangu.

Alupe hadi Malaba

Karibu na Adungosi tulishuka bondeni, na mbele yetu kukawa na mwinuko. Si mkubwa, lakini nikaona niionje gia yangu ya tatu. Cheni ikaruka kile kisahani ikaangukia ndani, kwenye chuma cha fremu. Miguu ikazunguka bure, nikashuka kabla sijaanguka.

Hili ndilo tatizo la gia tatu na lazima mlijue. Kile kidude kinachosukuma cheni kutoka gia moja kwenda nyingine kina safari ndefu zaidi, na kikilegea hata kidogo kinaitupa cheni nje. Nilipiga magoti kando ya barabara nikairudisha kwa vidole, nikapata grisi hadi kwenye kiwiko. Emuria alirudi, akasimama kwenye kivuli cha mti uliokuwa karibu, akanywa maji. Mtu mmoja aliyekuwa akipita na jembe alinisalimia kwa Kiteso, "Yoga," kisha akamgeukia yeye.

"Mzee, si umsaidie mama?"

"Ana gia nyingi," Emuria akasema. "Zitamsaidia."

Cheni ilitoka tena kabla hatujafika Malaba. Safari hii Emuria alishuka bila kuombwa, akachomoa kisu chake kidogo, akakaza skrubu moja, akainua gurudumu la nyuma na kuizungusha pedeli kwa mkono, akasikiliza. Haikutoka tena hadi mwisho wa safari. Kwa hiyo sitasema kwamba hakunisaidia.

Malaba

Tulifika tukiwa na njaa. Hata kabla sijashusha mguu, kijana mmoja mwenye kitambulisho shingoni alinikimbilia.

"Madam, mnavuka? Nikusaidie na stempu?"

"Hatuvuki."

"Sasa mmekuja Malaba kufanya nini?"

Ni swali la haki. Watu wote pale wanaenda upande wa pili au wanatoka huko, na wasiokwenda wanawauzia maji wanaokwenda. Tulimpita, tukazisukuma baiskeli kati ya wauza soksi na wauza mayai hadi kwenye hoteli moja karibu na reli, tukaketi pale tunapoweza kuziona.

Mabishano yalikuwa yameanza njiani, na tukaingia nayo mezani.

"Mbili zinatosha," Emuria akasema.

"Kwa njia ile, tatu."

"Mtu mwenye nguvu anatosheka na mbili. Mbili, basi."

"Wewe kaa na mbili zako. Mimi siachi tatu."

Mama wa hoteli alikuwa akifuta meza nyuma yetu. Akaenda jikoni, akarudi na sahani mbili, akaweka chapati mbili mbele ya Emuria na tatu mbele yangu. "Nimesikia," akasema. "Na maharagwe ni ya leo, msiogope." Hakuna aliyemrekebisha. Emuria alimaliza zake, akaitazama sahani yangu kwa muda, nikaikata ile ya tatu katikati.

Tulikuwa bado tunakula alipoingia Wandera. Yeye na Emuria waliendesha baiskeli za abiria pamoja ujana wao wote. Sasa Wandera ana kibanda cha kubadilisha pesa na anatembea kwa fimbo. Alizitazama baiskeli, akamtazama mwenzake.

"Bado uko juu ya hiki kitu? Mimi magoti yalikataa." Akavuta kiti. "Mama, unajua huyu mzee wako aliwahi kumbeba mtu na godoro lake, na mtu amekalia godoro? Wa kastam walicheka wakasahau kuuliza."

Emuria alitabasamu kidogo. Wandera akaendelea. "Na kale kasichana kalikokuwa kanakaa kwenye fremu ukikapeleka shule? Atyang. Lazima sasa ni daktari."

Niliacha kutafuna. Nje injini ya lori ilikuwa inanguruma.

"Ameolewa," Emuria akasema.

"Wapi?"

"Huko juu, Cheptais."

"Umefika?"

"Ndiyo ninaenda."

Wandera akasema vizuri, akaagiza chai. Hakujua alichouliza wala alichojibiwa. Mimi nilijua, kwa sababu tangu nyumbani Emuria hakuwa amesema kwamba anaenda popote.

Tulilala kwenye gesti nyuma ya stesheni. Dada wa mapokezi alisema baiskeli zibaki uani. Emuria akamwambia zitaingia ndani, na kama nafasi haitoshi yeye ndiye atakayebaki uani. Zikaingia. Asubuhi, ili nifike mlangoni, ilinibidi nipande juu ya kitanda.

Malaba hadi Amagoro

Foleni ya malori ilianza mjini na hatukuona mwisho wake. Madereva walikuwa wamewasha majiko kando ya magurudumu, wengine wananyoa ndevu kwa kioo cha pembeni. Mmoja wao, Salim, mtu wa Mombasa, alikuwa ameketi kwenye debe akikoroga chai. Alisimama Emuria alipokaribia.

"Shikamoo, mzee."

"Niko poa," Emuria akamjibu.

Salim alimtazama kama mtu aliyepewa chenji isiyo sawa, kisha akatukaribisha chai. Alikuwa amekaa kwenye foleni muda mrefu kiasi kwamba alitaka kujua kila kitu: mnatoka wapi, mnaenda wapi, baiskeli hizi ni za mashindano? Nilimweleza habari za gia. Akauliza kama anaweza kuijaribu ile ya tatu, afike hapo mbele tu na kurudi. Nikampa.

Alipotea. Tulimaliza chai yetu, tukamaliza na yake. Halafu foleni, ambayo haikuwa imesogea tangu asubuhi, ikasogea. Lori la mbele likaondoka, la Salim likabaki, na yote yaliyokuwa nyuma yakaanza kupiga honi. Msaidizi wake alikuwa amelala kwenye hema chini ya trela. Dereva wa nyuma akashuka akiwa na hasira, akamwambia Emuria asogeze gari lake.

"Si langu."

"Sasa kwa nini unakunywa chai yake?"

"Nilikaribishwa."

"Basi panda ndani ukae kwenye usukani, mtu aone kuna dereva, wengine wasimchukulie nafasi mwenyewe."

"Sipandi gari," Emuria akasema.

Yule mtu akanitazama mimi ili nimsaidie kuelewa. Sikuwa na namna ya kumweleza kwa kifupi. Salim alirudi akitoka jasho, shati limefunguka, uso umemng'aa, akasema hii ya tatu ni tamu, miguu haina habari. Akapanda lori lake. Sisi tukaondoka kabla ya kusikia alichoambiwa.

Mvua ilitupata Amagoro, sokoni. Binamu yangu Asere ana kibanda cha chakula pale karibu na ofisi za serikali, na mvua ilipokazana akasema hatuendi popote, tutalala kwake. Akatupikia atap, ule ugali wetu wa wimbi na muhogo, na majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga. Emuria alikula vizuri. Lakini alipotaka kusimama alishika meza kwanza, kisha nguzo, na nikaona goti la kulia limevimba. Alijua nimeona.

"Ni kukaa," akasema. "Nimekaa sana kwenye foleni ya mtu mwingine."

Amagoro hadi Malakisi

Kipande hiki sina mengi ya kusema juu yake. Tuliiacha barabara kuu tukashika njia ya Malakisi, jua likiwa limetoka na lami ikitoa mvuke. Emuria hakuwa tena mbele. Kila mwinuko ulipokuja alisimama juu ya pedeli, kwa sababu gia yake ndogo haikuwa ndogo ya kutosha na akiketi haizunguki, na kila aliposimama uzito wote ulishukia lile goti. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeketi, nazungusha. Sikutumia ya tatu. Nilibaki na ya kati ili nisimpite.

Malakisi tulinunua mikate miwili na sukari, maana huwezi kufika kwa mtoto mikono mitupu. Emuria aliingia duka la jirani peke yake. Alitoka na kitu kidogo ndani ya karatasi, akakitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

Kupanda

Baada ya hapo lami iliisha na murram ikaanza, na barabara ikainua uso. Mahindi yakawa mafupi, hewa ikawa baridi, na kila tulipodhani tumefika kileleni tulikuta ni kona tu. Mtu asiyejua mlima atadhani natia chumvi. Atakayekwenda ataona.

Kwenye kona moja yenye jiwe kubwa jeupe, Emuria aliacha kuzungusha. Hakuanguka. Alisimama tu, akaweka mguu chini, akaketi kwenye lile jiwe na kunyoosha mguu wa kulia mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu anayeweka chini mzigo wa mwingine.

"Wewe endelea," akasema. "Mimi nitateremka nikungoje Malakisi."

"Goti?"

"Goti."

Goti lilikuwa bovu kweli. Lakini tumeishi pamoja miaka mingi, na niliona pia kwamba limekuja wakati mzuri. Angesema alifika hadi goti lilipomkataza, na hakuna ndugu wala jirani ambaye angemlaumu. Pikipiki ikatokea bondeni, mwendeshaji akapunguza mwendo, akauliza, "Mzee, nikupeleke?"

"Hiyo nayo ina injini," Emuria akamwambia. Yule mtu akaitazama pikipiki yake, akaenda zake.

"Chukua yangu," nikasema.

"Nilishasema siitaki."

Sikubishana. Nilihamisha mkoba wangu wa mikate, nikailaza baiskeli yangu kando ya lile jiwe karibu na mguu wake mzima, nikaichukua yake, nikaanza kupanda kwa miguu huku naisukuma. Nilijua kwamba baiskeli yangu inaweza kumshusha Malakisi vilevile kama inavyoweza kumpandisha. Hilo nililijua vizuri na nilikuwa na hofu nalo, lakini nilikuwa nimechoka kumvuta mtu mzima kwa binti yake. Sikugeuka. Si kwa ushujaa. Barabara ilikuwa na mawe na nilikuwa natazama ninapokanyaga.

Nilipita kona moja, nikapita nyingine. Nikapumzika. Nikaanza tena. Kisha nikasikia nyuma yangu mlio mdogo wa cheni, tik tik tik, wa haraka kwa kitu kinachokwenda polepole vile. Niliposogea pembeni alikuwa tayari ubavuni mwangu. Alikuwa ameketi wima, kisahani kimeshika cheni, miguu inazunguka mbio kama ya mtu anayeshona pindo refu kwa cherehani ya miguu, na baiskeli yenyewe inaenda mwendo wa mtu anayetembea na kidogo zaidi. Hakunitazama. Alinipita, akaniacha, akapotea kwenye kona.

Basi nilipanda sehemu yote iliyobaki kwa miguu, nikisukuma baiskeli nyepesi. Nilijaribu mara mbili kuiendesha nikashindwa, na mimi sina goti bovu. Mbele kidogo nilikutana na wanawake wawili wanateremka na kuni kichwani. Tulisalimiana.

"Kuna mzee amepita hapa na baiskeli kama hiyo," mmoja akasema. "Ni wako?"

"Ni wangu."

"Alikuwa analia."

"Ni jasho," nikasema. "Huwa anatoka jasho sana."

Walitazamana. Wakanielekeza njia ya kwa Ndiema ingawa sikuwa nimeuliza.

Kwa Atyang

Mnielewe. Safari yote hii niliipanga mimi. Nilitaka kuwapo baba na binti wakikutana, nisimame katikati iwapo maneno yatakuwa mabaya, na kama yatakuwa mazuri niyasikie kwa masikio yangu. Nilifika jua limeshaegemea, viatu vimejaa vumbi jekundu, na yote yalikuwa yamekwisha.

Emuria alikuwa ameketi uani kwenye kiti cha mgongo, viatu amevua, goti limefungwa kitambaa chenye majani ya kukandia. Mtoto alikuwa amelala kifuani pake. Miguuni mwa mtoto kulikuwa na soksi mpya za manjano, kubwa kuliko miguu yenyewe. Ndiema alikuwa amesimama mbali kidogo na baiskeli yangu, anaipangusa vumbi kwa kitambaa, polepole sana, kama mtu anayetafuta kazi ya kufanya ili asiulizwe kitu.

Atyang alitoka jikoni, akanikumbatia, akanipokea baiskeli. Tukaingia jikoni wote wawili.

"Alisema nini?" nikamwuliza.

"Aliomba maji, Toto," akasema, akiniita mama kwa Kiteso.

"Halafu?"

"Akanywa. Akaomba mengine. Halafu akauliza mtoto anaamka mara ngapi usiku. Nikamwambia. Akasema hata mimi nilikuwa hivyo, na ni yeye alikuwa ananizungusha uani ili wewe upate kulala." Alikoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Hilo hukuwahi kuniambia."

Sikuwa nimemwambia kwa sababu nilikuwa nimelala.

"Na Ndiema?"

"Alimwuliza viazi vinachukua miezi mingapi. Ndiema akaogopa, akataja hata vya jirani."

Nikatoka uani, nikanyoosha mikono. "Haya, nipe na mimi."

Emuria akamfunika mtoto vizuri kwa leso. "Ndiyo kwanza amelala," akasema. "Wewe pumzika. Umetoka mbali kwa miguu."

Nikaketi kwenye kigoda nikangoja.

Kurudi

Nilikaa huko siku chache. Wateja walikuwa wananipigia simu kuhusu sare, kwa hiyo ilibidi niteremke. Emuria alisema goti halijawa tayari kwa safari, na kweli lilikuwa bado limevimba. Tukakubaliana nitangulie.

Mteremkoni hizo gia ni mapambo tu, kazi yote ni ya breki. Amagoro nilipita kwa Asere nikala. Foleni ya malori ilikuwepo, Salim hakuwepo. Malaba, Wandera aliniona peke yangu akasimama na fimbo yake, uso umebadilika, nikamwambia haraka kwamba mtu wake ni mzima. Alupe, mama wa ndizi aliniuliza kama binti ameonekana. Nikasema ameonekana.

Sasa swali la kwanza. Mtu wa kwenda Busia hadi Malaba na kurudi, gia mbili zinamtosha kabisa, na ataepuka habari za cheni kutoka na grisi kwenye kiwiko. Fundi anasema siku hizi wapo wanaobaki na mbili mbele na kuweka gia kubwa zaidi nyuma, na zinapanda vizuri. Sijazijaribu, siwezi kuzisemea. Lakini mwenye mtu wake mlimani achukue tatu, hata kama ya tatu ataitumia siku moja tu maishani.

La pili ni hili. Jumamosi nilimpigia simu mzee wangu. Nilisikia jogoo, nikasikia mtoto, kisha nikamsikia yeye. Goti? Goti ni zuri. Leo asubuhi alikuwa shambani na Ndiema, wanapalilia. Nikamwuliza anarudi lini.

"Huku mvua imezidi," akasema. "Barabara yote ni tope. Baiskeli haiwezi kupita. Tungoje ikauke."

Nikamwambia ampe Atyang simu. Nikasikia simu inabadilisha mikono, hatua, mlango.

"Mvua huko ikoje?" nikamwuliza.

Atyang alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kusikika uani.

"Mvua gani, Toto? Huku ni vumbi tu."